Sauti ya Nne

Kwa zaidi ya miaka ishirini jina langu limekaa juu ya karatasi za nyimbo, upande wa kulia, baada ya neno Mtunzi, na kwa miaka hiyo yote robo ya kila wimbo haikuwa yangu. Ilikuwa ya mzee mmoja wa Buruburu, mstaafu wa reli, mwimbaji wa besi katika kwaya yetu. Nakiri sasa kwa kuwa hayupo tena wa kunisikia. Najua kukiri kwa namna hii ni rahisi mno.

Sikusomea muziki. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, hesabu na Kiswahili, na nota za do-re-mi nilifundishwa na mtawa mmoja aliyekuwa na subira kuliko mimi. Sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo wenyewe, hunijia nikifua ama nikisahihisha madaftari. Ya pili naitafuta kwenye kinanda. Ya tatu huja kwa ubishi, nafuta na kuandika hadi karatasi inatoboka. Lakini ya nne, besi, sikio langu halifiki huko chini. Nikiilazimisha hutoka kitu cha mtoto wa darasa la pili: do, do, so, do. Kwa hiyo nilikuwa siiandiki.

Nilifanya hivi. Jumamosi mchana kila sauti ilikwenda kwenye pembe yake ya uwanja wa kanisa, wa kwanza kando ya sanamu ya Bikira, wa pili chini ya bati la jikoni, wa tatu penye tangi la maji. Besi niliwaambia wakae tu, yao ni rahisi, watajikuta humo humo. Kisha tulikusanyika, wanawake wakaanza, na yule mzee akafumba macho na kuziba sikio moja kwa kiganja. Mara ya kwanza alinguruma tu. Mara ya pili alikuwa ameshaiona njia. Mara ya tatu besi wote walikuwa nyuma yake, nami nimesimama nyuma yao na penseli, naandika haraka haraka alichoimba. Wiki iliyofuata kopi zilitoka, sauti zote nne, na jina moja.

Hakulalamika hata siku moja. Mara nyingine alinijia baada ya mazoezi na karatasi mkononi, miwani imeshuka puani.

"Mwalimu, besi ya wimbo huu umeiandika vizuri sana."

"Asante, Mzee," nilimjibu.

Mpaka leo sijui kama alikuwa akinitania. Alikuwa na uso wa karani wa reli, uso uliozoea kuambiwa uongo dirishani na bado ukakata tiketi.

Halafu akaanguka kwenye ngazi na kuvunjika nyonga. Walimfunga vyuma, akarudi nyumbani, lakini roshani ya kwaya kanisani kwetu ina vidato ishirini na viwili, na hakuvipanda tena. Mke wake alikuwa amefariki zamani. Watoto wako ng'ambo, walimpigia simu Jumapili. Nyumba yenyewe ni zile za zamani za Buruburu zenye bustani mbele, ila bustani haipo tena. Baada ya kustaafu alijenga pale fleti za ghorofa nne za kupangisha, kama majirani zake wote, na nyumba yake ikabaki nyuma kama stoo. Jua lilimfikia karibu saa moja kwa siku. Kila asubuhi alikuja mama mmoja kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben kumpikia na kumfulia, na saa nane mchana mama huyo alirudi kwake. Baada ya hapo mzee alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango mpaka kesho yake.

Nilimtembelea mara moja. Mara moja tu, mwezi wa kwanza, na kwaya nzima, tukamletea sukari na unga na kelele. Tulipokuwa tukiinuka kuondoka mtu alibisha hodi kwa nguvu huko mbele, nami nikageuka kutazama mlango.

"Usijisumbue," mzee akaniambia. "Hapa hodi ni nyingi sana, Mwalimu. Tangu asubuhi. Zote ni za wapangaji."

Alisema akicheka, na sote tukacheka naye.

Tangu wakati wa korona tulikuwa na desturi ya kutumiana sauti kwenye grupu ya simu. Naimba kila sauti peke yake, naituma, kila mtu anajifunza kwake, na Jumamosi tunaunganisha. Mzee alikuwamo kwenye grupu. Basi nilijiambia hajatengwa na mtu, anasikia kila kitu. Nilijiambia mambo mengi mwaka ule.

Mwaka jana padri aliniita ofisini. Parokia ilitaka kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwasalimu wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani, na alitaka kwaya iende na wimbo mpya, wimbo wa mtu aliye peke yake.

"Lakini usinitungie kilio, Mwalimu," akasema. "Mwisho uwe na tumaini. Hao watu tayari wanajua kulia."

Nilikubali kabla hajamaliza. Napenda kuombwa, huo ndio ugonjwa wangu. Nilirudi nyumbani, nikakaa mezani, na maneno yakaja kama maji ya mfereji yakirudi baada ya siku tatu:

Nasikia hodi, si mlangoni kwangu,
nasikia nyayo, zapita, zaenda.

Na kiitikio:

Hodi yako nitaijua,
hata ikichelewa nitaijua.

Nililia nikiyaandika. Niliona kweli nimepewa kitu, kwa maana mimi pia naishi peke yangu, na zipo Jumapili ambazo neno langu la kwanza kwa binadamu mwenzangu huwa ni kwa muuza mboga jioni. Sikukumbuka hata kidogo kwamba maneno yale niliyatoa kwenye mdomo wa mzee. Naapa sikukumbuka. Nilifikiri ni yangu.

Kwa wiki mbili nikapata sauti tatu. Wimbo mzuri, niseme bila aibu, mzuri kuliko zote nilizowahi kutunga. Nikafika kwenye besi na ukuta ukasimama mbele yangu. Niliwakusanya besi wangu waliobaki, vijana watano wenye sauti nzuri na masikio ya kukopa, nikawaambia wajikute humo kama siku zote. Hawakujikuta. Waliimba do, do, so, do, na wimbo ukaanguka chini.

Nikatuma kwenye grupu sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Chini yake nikaandika: Besi, yenu inakuja. Baada ya dakika chache likatokea jibu la mzee, ambaye kwa kawaida hakuandika chochote. Asante Mwalimu. Nasubiri.

Hapa ndipo ningeweza kwenda kwake. Ningeingia, ningekaa kwenye kochi, ningemwimbia ile ya kwanza mara mbili, na mara ya tatu angenipa besi, tungekunywa chai, na mambo yangekwisha. Sikwenda. Nilisema ni mbali kwa miguu, jua ni kali, nina madaftari. Ukweli ni kwamba Jumamosi kwenye uwanja wa kanisa kuna watu arobaini, na katika watu arobaini mtu anaweza kuiba bila kuonekana, hata na mwenyewe. Kwake tungekuwa wawili. Ingenibidi nifungue mdomo niseme, Mzee, nitafutie besi, mimi siiwezi na sijawahi kuiweza. Nilikuwa na zaidi ya miaka hamsini na sikuweza kusema sentensi hiyo. Na tena nilikuwa nimemkasirikia. Nilimkasirikia mtu aliyevunjika nyonga kwa kunionyesha kwamba bila yeye sitoshi. Nikaapa hii ya sasa nitaiandika mwenyewe, nione.

Wiki ya tatu simu ikalia. Alikuwa yule mama wa Mukuru.

"Mwalimu, habari? Mzee anauliza kama sauti yake imetoka."

"Mwambie wiki hii."

"Sawa. Nitamwambia."

Ziara zikaanza na wimbo haujakamilika. Tukaenda kwa wagonjwa na nyimbo za zamani, nami nikamwambia padri kwamba nyumba ya mzee iwe ya mwisho kwenye orodha, kwa heshima, ili asikie wimbo mpya ukiwa mzima. Neno heshima nililitumia, nalikumbuka. Siku yake ilipofika nikaisogeza mbele. Ilipofika tena nikaisogeza tena. Kijana mmoja wa besi, mwenye mdomo, akanisimamisha mlangoni mwa kanisa.

"Madam, sasa sisi besi umetuacha kwa mataa, ama form ni gani?"

Nilimwambia akachane nywele kwanza ndipo aniulize kama nimewatelekeza. Wenzake wakamcheka na mambo yakaishia hapo.

Yule mama akapiga mara ya pili. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa darasani, watoto wanapiga kelele, na nilikuwa nimechana karatasi nyingine ya besi kabla ya kutoka nyumbani.

"Mwalimu, pole kukusumbua. Mzee ameniambia nikuulize tena. Anasema mkikuja hatakuwa na kitu ya kuimba."

"Mwambie mimi si mashine," nikamjibu, nikakata simu.

Ilipita wiki moja na siku mbili. Alhamisi mama alifika kazini asubuhi akamkuta kwenye kiti chake karibu na mlango, amevaa sweta, miwani iko mezani. Daktari alisema ni moyo na kwamba hakuteseka. Sijui daktari alijuaje.

Jioni hiyo kwaya ilikwenda kwenye maombi. Viti vya plastiki vilipangwa katika ule uwazi mdogo kati ya fleti na nyumba yake, na wapangaji walichungulia kutoka juu, wengine wakiulizana ni nani aliyekufa. Mmoja alishuka na mtoto mgongoni akaniuliza kwa upole kama mzee ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Nilimwambia ndiye. Tuliimba nyimbo za zamani, zile zenye besi yake, na vijana wale watano waliziimba sawasawa kwa sababu aliwafundisha yeye. Nilisimama mbele nikiongoza kwa mkono. Sauti yake ilikuwa kila mahali katika nyimbo zangu.

Tulipomaliza, mama wa Mukuru alinivuta hadi jikoni. Nilikuwa sijawahi kumtazama vizuri. Ni mwanamke mfupi, wa umri wa dada yangu mdogo, na macho yake yalikuwa yamevimba. Alikuwa na simu ya mzee.

"Watoto wake wakifika watachukua hii," akasema. "Nikaona usikie kwanza."

Akabonyeza. Nikasikia kiti kikilia, mtu akikohoa, kisha mzee akaanza kuimba wimbo wangu. Lakini hakuimba besi. Aliimba sauti ya kwanza, sauti ya wanawake, ameishusha mpaka kwake chini, polepole, kama mtu mzima anayejifunza kuandika upya baada ya kuumia mkono. Alikosea kwenye ubeti wa pili, akasema "hapana" kwa sauti ya kawaida, akarudia. Alipofika kwenye kiitikio, hodi yako nitaijua, mtu alibisha huko mbele kwenye fleti, hodi halisi, ya nguvu. Mzee akanyamaza. Alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani rekodi imekwisha. Mlango fulani ukafunguliwa, watu wakasalimiana, wakacheka. Ndipo akaendelea: hata ikichelewa nitaijua.

"Mbona anaimba hiyo?" nikauliza. "Hiyo si yake."

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Kwanza alijaribu kuimba yake. Akaniambia niimbe hiyo ya juu ndio yeye aingie na ya chini. Mimi sijui kuimba, Mwalimu, niliona haya, nikakataa. Akajaribu na simu, akasema haiji, simu haimsikizi. Basi akasema atajifunza ya kwanza, ndio mkikuja asikae bubu kwake."

Nilishika ukingo wa sinki. Kulikuwa na kikombe kimoja kimeoshwa na kufunikwa.

"Ile siku ulinipigia nikiwa shuleni," nikamwambia. "Ulimwambia nilivyosema?"

Akatingisha kichwa.

"Ningemwambiaje hivyo? Nilimwambia uko karibu kumaliza. Nikasema utamletea mwenyewe." Akajipangusa pua kwa leso. "Akafurahi sana. Tangu hapo nikienda nyumbani ananiambia nisifunge mlango, sababu ukibisha hataweza kufika haraka, na wewe huna subira."

Nilitoka nikapita katikati ya viti hadi barabarani, na watu wa kwaya walinipisha wakidhani nina majonzi ya kawaida.

Walimsafirisha hadi magharibi mwa nchi kwa basi, wakamzika kwao. Sikwenda. Nilisema nina mitihani ya watoto.

Padri hakuusahau wimbo. Baada ya miezi miwili aliuliza, na nikaukamilisha kwa njia pekee niliyoiweza. Niliwaambia vijana wa besi waimbe sauti ya kwanza, waishushe kwao chini, kama mzee alivyoiimba. Walinitazama kwa mshangao lakini waliimba. Kwenye karatasi mstari wa nne niliuacha mtupu. Tulipeleka wimbo huo kwenye mashindano ya kwaya, na jaji, kijana aliyesoma muziki kweli, akaniita pembeni kwa adabu.

"Mwalimu, besi yako inafuata sauti ya kwanza toka mwanzo hadi mwisho. Hilo ni kosa la anayeanza. Na nimepitia nyimbo zako za zamani, besi zake ni safi ajabu. Nini kilitokea?"

Hapo napo ningeweza kusema. Swali lilikuwa limeulizwa, mlango uko wazi, na yeye hakumjua mzee, asingenidharau zaidi ya dakika tano. Nilimwambia nimezeeka. Akacheka, akasema siwezi kuzeeka mimi. Jina langu bado liko pale juu ya karatasi, kwenye wimbo huu na kwenye zingine zote.

Wagonjwa waliutaka sana wimbo ule, naambiwa wengine wanauimba peke yao vitandani. Padri anasema una tumaini. Sijui analiona wapi. Nikiuongoza nasikia kile kimya cha katikati ya kiitikio, na ninajua mzee alikuwa akisikiliza kitu gani. Alikuwa akinisikiliza mimi.

Jumamosi iliyopita mazoezi yalikwisha mapema. Sikupanga, miguu ilipanga yenyewe. Nilifika nyumbani kwangu, nikatoka tena, nikatembea pole pole, nikasimama njiani kununua ndizi, nikabishana na muuzaji kuhusu ndizi mbili zilizoiva mno, nikaendelea. Nilipofika kwenye lango la fleti nilitazama saa. Dakika kumi na mbili, pamoja na ndizi.

Nilipita kando ya ukuta hadi nyuma. Mlango wake ulikuwa na kufuli kubwa, jipya, na pazia limetolewa. Nilijua hakuna mtu. Nilisimama pale na mfuko wangu, nikabisha, nikasema hodi.

"Karibu!" akaitikia mtu kutoka ghorofa ya pili, akidhani ni yake.